Viungo Vinne

IJUMAA, SAA 11:00 JIONI

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilinuka spiriti. Kiranja alipiga magoti, akachora dirisha la sonara sakafuni kwa chaki.

"Kesho saa saba karakana inafungwa. Saa saba na nusu Fundi anakata nondo mbili. Uzi anaingia kwa sonara, anatoka na droo ya dhahabu. Fundi anarudishia nondo, anapaka rangi. Saa tisa mlinzi anapita uchochoroni, anakuta dirisha liko vilevile. Mpaka Jumatatu hakuna anayejua kitu."

"Na kelele?" aliuliza Uzi. Alikuwa mwembamba, suruali ilikaa kiunoni kwa hisani ya kamba.

"Nyuma ya karakana, nani atashangaa kusikia grinda?" Kiranja akamgeukia Fundi. "Shemeji, nisikilize vizuri. Uchomelee vibaya. Mabonge mabonge, kama vile viungo vingine. Mtu akitazama asione tofauti."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Dirisha lile alilitengeneza yeye, mwaka jana, na mpaka leo akipita uchochoroni hulipa kisogo. Tajiri, mwenye karakana na bosi wake, alimsimamia na saa mkononi. "Lipua hiyo, bora iishe. Mteja hanunui urembo." Miaka kumi na moja ya lipua hiyo.

Wako wanaoiba kwa njaa, wako wanaoiba kwa tamaa. Fundi alitaka siku moja aamke, aamue mwenyewe aanze na geti lipi. Basi. Nyuma ya kabati lake kulikuwa na bango lililokwisha kuandikwa jina la karakana ambayo haipo, limefungwa shuka. Mkewe, dada yake Kiranja, humtania kila akifagia: "Bango tunalo, mume wangu. Bado nyumba ya kulitundika tu."

JUMAMOSI, SAA 7:05 MCHANA

Tajiri aliondoka. Wafanyakazi wakaondoka. Fundi akabaki kufunga, kama kila Jumamosi. Badala ya kufunga, alivuta waya wa umeme mpaka uchochoroni.

Ng'ambo ya barabara, Mzee wa Mageti alikuwa anafungua karakana yake. Saa saba mchana ndiyo kwanza anafungua. Hana bosi. Fundi alimtazama kwa wivu, akachukua grinda.

SAA 7:31

Nondo mbili. Ncha nne. Cheche zikamrukia Kiranja viatuni, akasogea nyuma akilaani.

Uzi aliingia kichwa kwanza. Ndani, kitu kilianguka. Kimya.

"Amekufa huyo?" Fundi alinong'ona.

"Nyamaza."

Droo ikatokea dirishani, kisha kichwa cha Uzi, kinacheka.

SAA 7:49

Kiranja alifunika droo kwa gunia, akaiweka kwenye gari. Uzi alikwisha kukaa mbele.

"Malizia, shemeji. Sisi tunatangulia."

"Tulisema tunagawana leo. Kwa kinyozi."

"Nikishauza nitakuletea fungu lako."

"Hatukusema hivyo."

Kiranja alimshika bega, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Kazi hii nimeileta mimi. Wewe hapa ni fundi tu. Usianze maneno, muda unakwenda. Lipua hiyo, upesi."

Mlango wa gari ukabamizwa. Wakaondoka.

Fundi akabaki na nondo mkononi. Alijua. Mtu hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba ameuzwa, tena na kaka wa mkewe. Angeweza kutupa kila kitu akimbie. Lakini dirisha wazi lingemuumbua kabla jua halijashuka.

Akatazama saa. Zilibaki dakika sabini. Mlinzi hajafika, Tajiri hayupo, Kiranja ameondoka. Katika miaka kumi na moja hajawahi kushika chuma bila mtu kumpumulia shingoni.

Akavaa miwani.

SAA 8:04

Alikusudia kulipua. Tumwamini hapo. Aliweka nondo ya kwanza, akagusa chuma, na mkono ukakataa. Ulikwenda polepole, ukirudi nyuma kidogo na kusonga mbele, mstari ukatoka laini, wenye mawimbi madogo yaliyolingana. Akagonga uchafu, akasaga, akapitisha msasa. Kiungo cha pili kikawa kizuri kuliko cha kwanza. Alijikuta anapiga mluzi. Alikuwa na furaha, na alijionea haya kwa furaha hiyo, lakini hakuacha.

SAA 8:52

Rangi. Waya. Komeo. Alikaa gizani ndani ya karakana, akasikia viatu vya mlinzi vikipita uchochoroni, bila kusimama.

Jumapili simu ya Kiranja haikupatikana. "Kaka kasafiri," mkewe alisema. "Hata kuaga hakuaga. Wewe una nini?"

"Nimechoka," akasema.

JUMATATU, SAA 3:20 ASUBUHI

Sonara alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. Afande alimwita Tajiri na wafanyakazi wake wote uchochoroni, akagonga dirisha kwa kalamu.

"Viungo kumi na viwili vibovu. Vinne vizuri. Hapa pamekatwa, pakachomelewa upya. Nani kati ya hawa kafanya?"

Tajiri aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hawa wangu hawawezi," alisema. "Huyu ndiye mwenye nafuu, na hivyo vibovu ni vyake." Akamwonyesha Fundi kwa kidevu. "Hii ni kazi ya mtu anayejiajiri, Afande. Mtu asiyekimbizwa na yeyote." Akatazama ng'ambo ya barabara.

Afande naye akatazama. Mzee wa Mageti alikuwa anafagia mbele ya karakana yake, hana habari.

"Twende tukamwulize," Afande akasema.

Kunyamaza tu. Hicho ndicho alichotakiwa Fundi. Anyamaze, jioni arudi kwa mkewe na bango lake. Alimwonea huruma mzee, ndiyo. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa inavuka barabara kupewa mtu mwingine.

"Afande. Rudi. Hivyo vinne ni vyangu."

Tajiri akacheka. "Wewe? Acha mzaha."

"Nileteeni nondo mbili na mashine."

Wakaleta, labda kwa kumcheka tu. Fundi alipiga goti, akavaa miwani, akaanza. Alikwenda taratibu, kwa mwendo wake. Tajiri, aliyekuwa na saa mkononi, hakumwambia alipue.

Afande alingoja chuma kipoe, akakigusa, ndipo akatoa pingu.