Kaburi Nililoliweka Kwenye Bango

"Graziella, niambie si wewe!"

Akageukia dirisha.

"Niangalie usoni uniambie si wewe!"

Bango langu lilikuwa kwenye pipa la taka, limechanwa vipande viwili. Kwenye kompyuta, tukio langu la saa kumi jioni lilikuwa na neno moja jekundu... LIMEFUTWA. Chini yake, jina la aliyelifuta. Graziella.

Rafiki yangu kwa miaka kumi na moja!

Ndugu zangu, naitwa Noelene. Nafanya kazi kwenye maktaba ya mji wetu wa miwa, kaskazini mwa Queensland. Kazi yangu si kupanga vitabu tu. Mimi ndiye ninayeandaa matukio ya kila mwezi: leo ngoma, kesho filamu ya wakimbizi, keshokutwa mazungumzo ya haki za binadamu. Graziella ndiye msimamizi wangu.

Mwezi ule ilikuwa zamu yetu sisi. Sisi wajukuu wa watu wa visiwa vya mbali, waliochukuliwa na meli, wengine kwa hila, wengine kwa nguvu, wakaletwa huku kukata miwa. Msemaji mkuu alikuwa Shangazi Verlie, miaka themanini na minne, dada wa marehemu baba.

Watu themanini wamejiandikisha! Basi limekodiwa! Baada ya mazungumzo tungekwenda wote kuliona kaburi la babu yake Shangazi, katikati ya shamba la miwa, kaburi lisilo na hata kibao.

Na sasa saa sita mchana, bango liko kwenye taka.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Noe, nakuomba. Usiniulize."

"Ni mzee Pryde, eh? Nimeiona pikapu yake hapo nje asubuhi!"

Pryde ndiye mwenye lile shamba. Babu yake ndiye aliyewafanyisha kazi babu zetu.

Graziella akafumba macho. "Siwezi kusema."

"Huwezi, au umelipwa?"

Akanyanyuka, akatoka. Hakuniaga.

Hapo nikawaka! Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikachukua simu, nikaingia kwenye kundi la mji, nikaandika:

"Graziella wa maktaba amewauza wazee wetu kwa tajiri wa miwa. Njooni saa kumi. Tutaongea hata kama ni barabarani!"

Nikatuma.

Dakika kumi, maoni sitini. Dakika ishirini, mia mbili. Mmoja akaweka picha ya nyumba ya Graziella. Mwingine akamtaja binti yake kwa jina, na shule anayosoma.

Nikaona. Na sikusema kitu... Nikajisemea moyoni, acha naye aonje.

Nikaingia kwenye gari mbio mbio kwenda kumchukua Shangazi. Atasema tu! Nitambeba mgongoni ikibidi!

Nikamkuta barazani anamenya magimbi. Hajavaa nguo ya kutoka.

"Shangazi! Bado hujajiandaa? Wametuzunguka! Wamefuta tukio letu!"

Hakuacha kumenya.

"Kaa chini, Noelene."

"Hakuna muda wa kukaa!"

"Nimesema kaa!"

Nikakaa.

"Hakuna aliyekuzunguka. Ni mimi niliyemwambia yule binti alifute."

Jamani... masikio yalilia nziii.

"Wewe? Na Pryde je? Pikapu yake..."

"Alinipeleka maktaba. Mimi sina gari, na wewe asubuhi hukupokea simu. Nilikupigia mara nne."

Kweli. Nilikuwa nahangaika na viti.

"Shangazi, yule mtu babu yake..."

"Babu yake alikuwa mtu mbaya, huna haja ya kunifundisha. Lakini ufunguo wa geti la shamba anao yeye, na tangu mama yangu afe hajawahi kunizuia kupita. Sijamsamehe mtu. Nimepita getini tu."

Akaweka kisu chini. Akaniangalia.

"Uliniuliza lini?"

"Nini?"

"Uliniuliza lini kama nataka watu themanini wasimame juu ya babu yangu na simu zao?"

"Lakini ulinisimulia mwenyewe! Siku ile tunaanika nguo!"

"Nilikusimulia wewe. Sikukodi basi."

Nikainamia maganda ya magimbi.

"Unajua kwa nini hakuna kibao?" akauliza. "Wewe umeandika kwenye bango kwamba alitupwa kama mbwa. Hakutupwa! Mwenyewe aliomba. Alimwambia mama: wameniandika kwenye daftari la meli, wameniandika kwenye daftari la shamba, nimehesabiwa vya kutosha nikiwa hai. Nikifa, msiniandike popote. Waje wa damu yangu tu."

Machozi yakaanza kunitoka.

"Sasa kwa nini hukunisubiri uniambie mimi?"

"Ningeanzaje? Unavyoringia lile bango! Yule binti wa Kitaliano nilimwapisha. Nikamwambia asinitaje, asiseme sababu, wakubwa wako wasije wakakuona mjinga. Akasema, lawama nitabeba mimi."

Lawama nitabeba mimi...

Nilirudi mjini sijui niliendeshaje. Nililifuta lile tangazo nikiwa kwenye taa za barabarani, lakini wapi! Watu walishalipiga picha, linazunguka.

Mbele ya maktaba watu wamejaa, zaidi ya wale themanini. Graziella yuko mlangoni peke yake, ana yai limepasuka begani. Na hata wakati ule, ndugu zangu, alikuwa hajatamka jina la Shangazi.

Nikapanda juu ya benchi.

"Nisikilizeni! Lile tangazo nimeandika mimi, na ni la uongo!"

"Umetishwa!" mtu akapiga kelele.

"Sijatishwa! Familia yangu ndiyo iliyosema hapana. Sikuwaomba ruhusa. Graziella alikuwa ananifichia aibu yangu. Mwenye yai la pili, anipige mimi!"

Hakuna aliyenipiga. Waliondoka mmoja mmoja, wananitazama kwa jicho lile... afadhali hata mayai.

Nikamfuata Graziella na kitambaa.

"Nisamehe."

"Binti yangu amejifungia chooni shuleni, Noe. Naenda kumchukua."

Akaondoka na lile yai begani.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Aliomba uhamisho, yuko tawi la mji wa jirani. Nilimwandikia barua tatu. Ya tatu ameijibu kwa mstari mmoja: "Bado, lakini usiache kuandika."

Shangazi hajanipeleka kaburini. Na mimi sijamwomba.

Wewe unayesoma hapa huku kidole chako kinawasha kuposti habari za mtu, hata kama ni damu yako, hata kama nia yako ni njema kama maziwa... kabla hujampa mtu kipaza sauti, muulize kwanza kama anataka kusema.

Miaka sita nimeandaa mikutano ya haki za binadamu. Haki ya mtu kunyamaza, sikuwahi kuiwekea kiti.