Meno Hayachemshwi

Mzee Salimu wa Msambweni alikuwa mtu safi. Kila asubuhi aliyasugua meno yake ya bandia kwa sabuni na maji baridi. Lakini asubuhi ile aliona hayo hayatoshi. Alikuwa mshenga, anakwenda Tiwi kumposea mpwawe, Abdulaziz. Akayatia meno sufuriani, akayachemsha.

"We Salimu, unapika nini?" akauliza mkewe, Maimuna.

"Naua vijidudu. Mbona chupa ya mjukuu wako unaichemsha?"

Alipoyavaa, yalimbana huku, yakamchezea kule. Akaondoka nayo hivyo hivyo, yeye na Abdulaziz.

Mwinga, baba wa msichana, aliwakaribisha mkekani. Salimu akakohoa kidogo.

"Mzee mwenzangu, tumekuja kupo'a."

"Kupoa? Basi sogeeni upenuni, kuna upepo."

"La! Kupo... kupo..."

Akakazana kulitamka neno. Meno yakaruka, yakatua kwenye sahani ya halua.

Abdulaziz akajifunika uso. Wanawake ndani wakavunjika mbavu. Mazungumzo yakaahirishwa.

Kesho yake Salimu alikwenda kwa Twaiba, fundi wa meno ya bandia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Twaiba akayageuza meno mkononi. "Uliyachemsha?"

"Nani kakwambia?"

"Yenyewe. Yamepinda. Huu ufizi wa rangi ya waridi ni plastiki, babu. Nachanganya unga wake na maji yake maalumu, inakuwa kama donge la chapati. Naibana ndani ya chuma, naipika majini taratibu, inakuwa ngumu."

"Ha! Kumbe hata wewe huyachemsha!"

"Mimi huyapika yakiwa yamebanwa kila upande. Na nikiharakisha moto, plastiki hutoka na vitundu ndani. Sasa sufuriani kwako, nani aliyabana? Maji ya moto huilegeza plastiki, ikajikunja itakavyo."

Salimu akayachungulia meno yake mkononi mwa fundi.

"Hayanyooki tena?"

"Hayanyooki. Nitakutengenezea mengine. Yasugue kwa burashi laini, sabuni na maji baridi. Ukienda kulala, yavue, uyatie kwenye kikombe cha maji. Yakikauka pia hupinda."

Salimu akafuata kila neno. Baada ya wiki mbili, meno mapya kinywani, alirudi Tiwi na Abdulaziz. Aliposa kwa ufasaha, na kabla ya adhuhuri wakakubaliwa. Pilau ikaletwa. Salimu akatafuna nyama hadi mfupani.

Mwinga hakugusa nyama. Alikula mchuzi tu. Mwishowe akamsogelea Salimu, akanong'ona:

"Mkwe, fundi wako yuko wapi? Meno yangu yako kabatini tangu Ramadhani iliyopita. Nimeyafunga vizuri kwenye leso ya mke wangu."

"Makavu?"

"Makavu kabisa."

Salimu akatikisa kichwa kama daktari.

"Kesho asubuhi njoo Msambweni, nikupeleke. Na hiyo leso, mrudishie mwenyewe."