Huyu wa Kujizima Mwenyewe

Je, umeshawahi kuandika jambo la maana, ukabakisha mistari michache tu, halafu kompyuta ikajizima mbele ya macho yako bila kukuuliza?

Basi hayo ndiyo yaliyompata Nzisa siku ya soko pale Kwa Vonza. Duka lake la kuchapisha lilikuwa kati ya fundi wa nguo na muuza ndengu, na siku hiyo watu walijaa mpaka barazani: wanafunzi na kazi zao, akina mama wa kikundi na vitambulisho vya kutolewa kopi, na vumbi nalo likaingia bila kupiga foleni. Nzisa alivaa rinda la kitenge cha zambarau, limebana kiunoni, mabega yana marinda madogo madogo, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alikuwa akichapa programu ya mazishi, na wafiwa wamesimama hapo wanangoja. Skrini ikageuka bluu. Ikaandika kwamba apdeti zinaendelea, mashine isizimwe.

"Mimi ndio nisizime?" Nzisa akaiuliza. "Si wewe umejizima?"

Nyuma ya watu kulikuwa na kijana mrefu, shati la drafti limepigwa pasi sawasawa lakini viatu vimejaa udongo mwekundu. Akasema polepole, "Huyu haulizi mtu, dada. Akishapata apdeti anajizima, anajiwasha mwenyewe."

"Huyu nani?"

"Si huyu kompyuta."

"Kompyuta ni hii."

"Kwetu Kyuso hata kiti ni huyu. Nipishe nimwangalie."

Jina lake Kisilu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za shule na makanisa. Mashine ilipowaka akaingia mahali pa apdeti, akaweka saa za kazi za duka, tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akaiwekea itoe onyo kabla ya kujiwasha upya.

"Sasa hatajizima ukiwa na wateja. Lakini usimkatalie apdeti kabisa, atashikwa na virusi. Ukitaka kufunga duka, umwambie mwenyewe ajiwashe upya. Na usevu kazi, mrembo. Hiyo hata mimi siwezi kukusevia."

"Mrembo umetoa wapi?"

"Nimeanza na dada, hukuitika."

Nzisa akainama kuandika programu ya mazishi upya, akakosea jina la marehemu, akafuta, akakosea tena.

Wakaanza kupigiana simu. Kisilu alikuwa mtu wa kuuliza, Nzisa alikuwa mtu wa kujibu kidogo.

"Wakya, mwendwa," Kisilu alimsalimu mpenzi wake kwa Kikamba.

"Aa."

"Tukutane wapi Jumapili baada ya kanisa?"

"Popote."

"Tukule nini?"

"Chochote."

"Hicho chochote kinapikwa na mafuta au bila?"

Nzisa alicheka, na simu ikikatika alisimama, akaketi, akapanguza kaunta iliyokuwa safi. Maneno alikuwa nayo, tena mengi. Yalifika kwenye meno yakarudi.

Hapo ndipo Kisilu akaitwa kazi mjini Salama, kule barabara ya Mombasa, kwa mtu mwenye duka kubwa la kompyuta. Akampigia akiwa njiani, upepo ukivuma ndani ya simu.

"Wanataka jibu Ijumaa. Nikienda, nahamia huko. Unasemaje?"

"Ni wewe."

"Nimeuliza wewe, Nzisa. Ukisema nibaki, nitabaki."

"Sawa tu."

"Sawa tu gani? Ya kwenda ama ya kubaki?"

Nzisa akasema ana mteja. Hakukuwa na mteja.

Usiombe rafiki mwenye masikio marefu. Syokau, yule fundi wa nguo jirani, alikuja siku ya pili bila hata kutoa pini mdomoni.

"Nimemsikia Kisilu wako hapo nje akiongea na simu. Anasema, 'Huyu wa Kwa Vonza amenichosha. Nikimtuliza, anaanza upya. Amezeeka, akifanya kazi kidogo anapata joto. Namwacha, natafuta mwingine.'"

"Amezeeka?" Nzisa akauliza. "Amesema amezeeka?"

"Kwa masikio yangu."

Tangu hapo Nzisa hakushika simu ya Kisilu. Iliita juu ya kaunta, ikatetemeka mpaka ukingoni, naye akaitazama tu. Aliwakaripia wanafunzi. Alitoa kopi za kurasa zisizotakiwa. Akajitazama kwenye kioo cha Syokau, akatafuta huo uzee.

Ijumaa asubuhi Kisilu akaingia na begi mgongoni. Nje pikipiki ilikuwa inanguruma ikimngoja.

"Simu yako ina shida?"

"Haina. Umekuja kuaga huyu wa Kwa Vonza aliyekuchosha? Aliyezeeka?"

Kisilu akamtazama, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Nani amesema umezeeka?"

"Wewe. Anapata joto, anaanza upya, unamwacha."

"Nzisa," alisema, na mdomo ukaanza kumchezacheza. "Huyo ni kompyuta ya ofisi ya kanisa la hapa. Feni yake imekufa, na hata nikizuia apdeti anajizima. Nilikuwa naambia mtu wa Salama aniuzie mwingine."

Nyuma ya ukuta, kwa Syokau, cherehani ikanyamaza.

Nzisa alifunika uso kwa kiganja. Akacheka, halafu machozi yakatoka, akashindwa kujua ni ya nini. Kisilu hakucheka tena. Alishusha begi, likakaa sakafuni kati yao.

"Mimi sikukuja kuaga," akasema. "Nilikuja kuuliza mara ya mwisho. Huyo wa pikipiki ananingoja, na wewe ukiniambia sawa tu, naenda. Sitakasirika. Lakini sitauliza tena."

Nje pikipiki ikapiga honi. Nzisa akashika ukingo wa kaunta.

"Sitaki uende," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaiongeza. "Na sitaki chochote, wala popote. Nataka uchukue wazee wa kwenu Kyuso, upeleke mbuzi za ntheo kwa baba, ajue umeniposa. Nataka uwe mume wangu."