Mkia Upo

Bwana Njia, kama wenzake walivyomwita, alikuwa na kanuni moja ya kutembeza wageni msituni: mbele yeye, nyuma bintiye, wageni katikati. Kila kona aliuliza bila kugeuka, "Mkia upo?" Binti akajibu, "Upo." Kugeukageuka ni kujikwaa, na kiongozi akianguka atachekwa hadi getini.

Asubuhi ile, walipovuka daraja la kamba, jibu lilikuja kabla hajamaliza kuuliza.

"Haraka ya wapi, mama?" akamtania bintiye. Ikaja harufu ya manyoya mabichi, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Kwenye jukwaa la kutazamia nyani, nyani walikuwepo tele, ila hakuna aliyelia. Mama zao walikuwa wamewaziba watoto midomo. Hapo Bwana Njia akaogopa. Akaongeza mwendo, akauliza na kujibiwa, akauliza na kujibiwa, kila mara sauti ikisogea karibu, mpaka ile "upo" ya mwisho ikampuliza kisogoni, naye akazidi kukaza macho mbele akijiambia ni upepo, ni uzee huu, mradi mtoto anaitika basi yupo.

Getini akageuka. Wageni tisa. Binti hayupo.

"Si alibaki darajani kufunga kamba za viatu?" mama mmoja akanong'ona. "Tukadhani amekatiza kichakani, maana tulimsikia huko mbele, kwako."

Walimtafuta siku nne. Walipata kiatu kimoja, kamba zimefungwa vizuri.

Mganga aliletwa akakataa kuvuka daraja. "Uliita, akaitika jini, nawe ukampokea," alisema taratibu. "Binti harudi, baba. Sasa nyamazeni. Mkimwita tena, jini huyu atawafuata nyumbani."

Siku ya saba, wakiwa mezani mchana, mkewe aliweka kijiko chini.

"Nimsikie mara moja tu."

"Tumekatazwa, mke wangu."

"Aliyekataza hakumzaa."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi walikuwa wawili. Mke akaelekea dirishani. Bwana Njia alikuwa na nafasi ya kumziba mdomo. Mkono haukuinuka, naye alikuwa na hamu ya sauti ile, hamu ya kufa mtu.

"Mkia upo?" mke akauliza.

Ilitangulia harufu ya manyoya. Kisha kitanda kikalia chumbani kwa binti.

"Upo."