Dengu za Walburga

"Wamenishusha, Walburga! Mbele ya watu wote!"

Xaver alisimama mlangoni mwa jiko, anahema. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya angani, lile puto refu la gesi lililokuwa likiruka juu ya ziwa lao.

"Kisa?"

"Uzito! Meli imegoma kunyanyuka. Nahodha akanitazama tumbo, akasema, 'Shuka, Xaver, mchumba wako anakupenda mno.' Wamecheka hao!"

Walburga akainamia chungu cha dengu. Akakoroga bila kuinua macho.

"Wewe... ulifanya makusudi?"

"Ndiyo, makusudi!" Machozi yalimlengalenga. "Soseji, tambi, siagi juu ya siagi! Mimi ndiye ninayeunga kwa gundi utando wa matumbo ya ng'ombe wanamotia hiyo gesi ya kulipuka. Ni mwembamba, Xaver, na injini zako zinatema cheche. Nilikuomba uache kuruka, ukanicheka."

"Ukaamua kuninenepesha kama nguruwe wa Krismasi!"

Akahangaika na pete ya uchumba mkono wa kushoto, ikatoka kwa shida, akaibwaga mezani.

"Tafuta mwingine wa kulisha!"

Alikuwa hajafika langoni mshindo ulipopasua anga. Juu ya ziwa meli ilikuwa moto mtupu. Hakutoka mtu hai.

Walburga alimkuta Xaver amepiga magoti kwenye majani, analia kwa sauti. Naye aliwalilia wale vijana wa melini, ila moyoni alifurahi kwamba Xaver yupo, na furaha ile ikamtia haya.

Wakazika. Xaver hakumsemesha, wiki baada ya wiki. Kisha Jumapili moja, hodi!

"Kuna dengu?"

"Zipo. Na hasira je?"

"Imenishinda kuibeba." Akakaa. "Ila usinizunguke tena, Walburga. Ukiogopa, niambie."

"Nilikwambia."

"Basi sasa nitasikia. Pete yangu iko wapi?"

"Kwenye kopo la chumvi. Nilijua njaa itakurudisha."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya harusi, padri akaamuru pete zihamie mkono wa kulia, kama ilivyo desturi yao. Ya Xaver ikakwama kwenye kifundo cha kidole. Kanisa likaanza kuguna.

"Na hii pia makusudi?" akanong'ona bwana harusi.

"Aka! Hiyo ni roho yako. Dengu za jana zilikuwa za watu wanne."

Walburga akakilamba kidole mbele ya padri, akaisukuma pete, ikaingia.

Haijatoka mpaka leo.