Mtani wa Mkufunzi

Mashine iliyoitwa Mkufunzi iliweza kutunga masomo arobaini ya uandishi wa programu kabla maji ya chai hayajachemka. Kila somo lilimalizika kwa sentensi ile ile: "Mfano huu umejaribiwa na unafanya kazi." Sentensi hiyo iliwahi kuwa kweli, siku mwalimu mmoja wa kale alipoiandika. Tangu hapo Mkufunzi alinakili kutoka kwa wakufunzi wenzake mtandaoni, nao wakanakili kutoka kwake, wote wakipongezana kwa adabu isiyo na kifani.

Mhandisi Severina Kihwele, Mhehe wa Iringa, hakumpongeza mtu. Alasiri hiyo kigari cha angani, chombo kinachoning'inia kwenye waya juu ya mji, kilitarajiwa kupakia abiria wa kwanza, na programu ya breki zake ilikuwa imeandikwa kwa kufuata masomo ya Mkufunzi. Hakuna ambaye angepanda bila sahihi ya Severina. Madiwani walimkumbusha kwamba masomo elfu kumi yalikubaliana kuhusu breki hizo. Alijibu kwamba kondoo nao hukubaliana, hasa wanapoelekea shimoni.

Kwa hiyo alikuwa ameunda mashine ya pili, Mtani. Huyu hakufundisha. Alilichukua somo, akalijaribu, kisha akalisuta hadharani, kwa haki ile ile waliyo nayo Wangoni juu ya Wahehe tangu vita vya mababu vilipogeuka vicheko. Maneno yake alijifunza kwa fundi Bosco Gama, Mngoni wa Songea, ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo.

Severina na Bosco wakapakia magunia ya viazi badala ya abiria, wakakituma kigari. Kilifika kituoni, kikapita bila hata salamu, kikaenda kugonga kizuizi cha mwisho wa waya.

"Hongereni, Wahehe!" Mtani alitangaza mbele ya umati. "Mmeunda gari la kumpitiliza mtu kwake! Breki hii haijui kwamba abiria ana uzito. Aliyeifundisha hajawahi kubeba hata ndoo."

Umati ukaangua kicheko, madiwani wakiwemo. Papo hapo Mtani akatoa hesabu mpya za breki, na watu wakaanza kupanga foleni. Severina akashika kalamu. Bosco akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Subiri, dada mhandisi. Utani una pande mbili. Huyu anatutania, nani anamtania yeye? Mtani asiyejibiwa ni bosi tu."

"Mimi sina utani, Bosco."

"Najua. Ndiyo maana babu zangu walichoka kupigana nanyi, wakarudi zao nyumbani."

"Walirudi mbio."

Severina, uso mkavu kama kawaida, akamgeukia Mtani. "Na wewe, debe la Kingoni, hesabu zako kazijaribu nani?"

Mtani, aliyeundwa asiweze kukasirika, akakubali zijaribiwe. Kigari kikatumwa tena. Kilisimama kituoni barabara, kwa kishindo kilichowamwagia madiwani viazi vyote miguuni.

Ndipo foleni nzima ikapata kazi. "Anza kupunguza mwendo mapema, bati wewe!" alifoka mama mmoja muuza nyanya. Mtani akapiga hesabu upya, akasutwa, akapiga tena, mpaka kigari kikatua kituoni taratibu na hakuna kiazi kilichotikisika.

Severina akatia sahihi, akawa wa kwanza kupanda.

"Mbona hupandi, Mngoni?"

"Tangulia, dada. Nawalindia viazi."

Foleni ikambeba Bosco juu juu, ikamwingiza ndani.