Jumamosi za Sixbert

Singida nzima hakuna mwenye jicho la mapenzi kama langu. Nikiwatazama wawili muda wa kumenya muwa tu, nitakuambia kama wataoana au wataachana. Sijakosea hata mara moja. Ndiyo maana siku Dina alipopigwa usoni na gauni, nilimwambia rafiki yangu Sixbert, "Huyu si wako, kaka. Uza nguo."

Ilikuwa sokoni, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba imemwagwa chini mpaka njia haionekani. Upepo wetu mnaujua. Ulinyanyua gauni la maua kwenye kamba ya Sixbert, ukamfunika nalo binti aliyekuwa akipita zake na sketi ya bluu ya kazini, kiatu cha kisigino kifupi, nywele kazibana nyuma.

"Samahani, dada! Gauni limekupenda lenyewe."

"Basi liambie lipunguze bei."

"Likipunguza, mimi nitakula nini?"

"Kula maneno yako. Unayo ya kushiba."

Akalichukua, akaondoka na kicheko chake. Sixbert akabaki ameshika henga tupu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

"Nimesema si wako," nikamkumbusha.

Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi.

Dina alikuwa opereta wa simu. Sixbert akienda mnada wa Ikungi, lazima aombe simu kwenye duka moja la huko.

"Singida hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Na mwenye sauti hii."

"Laini yake ina watu."

"Watu gani? Nije na fimbo!"

"Sixbert, bosi ananiangalia. Umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Rudi, mpenzi. Nitakupikia mlenda."

Kikwazo kilikuwa baba. Mzee Mughwai alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na balozi wa nyumba kumi. Kwake kanisa ni moja, chama ni kimoja, na chai hainywewi kwa kupuliza. Vyama vingi vilipoingia alizima redio, akangoja vitoke.

Siku Sixbert alipokaribishwa nyumbani, alivaa suruali ya marinda na shati jeupe lililonyooka kwa pasi ya mkaa. Shikamoo aliitoa akiwa ameinama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka chai ilipoletwa. Mzee akasali, wote wakasema amina, na mkono wa Sixbert, kwa mazoea tu, ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukatembea bega hadi bega.

Kikombe cha Mzee kikagandia hewani.

"Kijana, wewe ni Mroma?"

"Ndiyo, baba. Tangu ubatizo."

"Njia ni moja," Mzee akasema, akirudisha kikombe mezani. "Wengine wanatembea porini."

Chai ikapoa hapo hapo. Kwenye geti Dina akamshika Sixbert mkono.

"Usije ukageuza dini kwa ajili yangu. Mwanamume anayegeuka kwa ajili ya mwanamke, kesho atageukia mwingine. Niapie."

"Haki ya Mungu, mama."

Kiapo hicho hakikukaa. Sixbert akaanza kupotea Jumamosi mchana. Anafunga mzigo mapema wakati wateja ndio kwanza wanakuja, ananawa uso, anachana nywele. Nikimuuliza, ananijibu ana kazi. Kazi gani inataka kitana? Nikamfuata. Kwa macho yangu haya nikamwona akiingia nyumbani kwa Loyce, yule mwalimu wa watoto wa Jumapili kule Kilutheri, msichana mwenye vishimo mashavuni. Mlango ukafungwa.

Rafiki mwema hakai na jambo kama hilo. Nikampelekea Dina lingali moto.

Wiki iliyofuata Sixbert akapiga simu kutoka Ikungi.

"Singida hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Na Dina wangu."

"Dina hayupo. Jaribu kwa Loyce."

Akakata simu.

Akapiga tena, akakatwa tena. Maskini hakuwa na la kujitetea. Akisema alichokuwa akifanya kule, amekiri kuvunja kiapo. Akinyamaza, yeye ni mhuni. Akachagua uhuni. Dina naye alikuwa akiunganisha simu za watu huku macho mekundu, akisingizia vumbi.

Aliyemaliza kimya hicho ni Loyce mwenyewe. Alimfuata Dina nyumbani, akamwambia, "Jumapili baada ya ibada usiondoke. Baba yako ana mtu wa kumtahini. Kaa nyuma, umwone mwenyewe huyo mpenzi unayenisingizia."

Dina akakaa nyuma. Nami nilikuwepo, Mkatoliki peke yangu kwenye benchi la mwisho. Mbele walikuwa Mzee Mughwai na wazee wenzake, na mbele yao alisimama Sixbert na lile shati jeupe. Kumbe Jumamosi zote alikuwa akifundishwa katekisimu kwa Loyce, maana aliona aibu kukaa darasani na watoto wa kipaimara.

Akaulizwa amri, akazitaja na maana zake. Akaulizwa imani, ikatoka kama maji ya bomba. Uso wa Mzee ukang'aa.

"Hata waliozaliwa humu hawajui hivi! Swali la mwisho, kijana. Hao unaowaacha huko, wamepotea au hawajapotea?"

Neno moja tu lilibaki, na Dina alikuwa wake. Sixbert akatoa leso, akajifuta jasho.

"Baba, huko yuko mama yangu, Theresia. Ndiye aliyenifundisha Baba Yetu, hiyo hiyo niliyokusomea sasa hivi. Nikisema amepotea, nitakuwa nimepata dini nikakosa adabu. Siwezi. Na binti yako nilimwapia sitageuka, nikageuka. Nisameheni."

Akashuka kuelekea mlangoni. Dina akasimama katikati ya njia.

"Kumbe kazi ya kwa Loyce ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Lakini mjinga wangu. Simama hapa hapa."

Mzee Mughwai hakuinuka. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akaanza kuongea taratibu, kama anayemsimulia mtu asiyeonekana.

"Nilipobatizwa kule Ulemo, baba yangu alikataa kula na mimi sahani moja. Alisema njia ya wazee ni moja, nimeiacha, nimeingia porini. Porini! Neno lile lile. Nilimlilia miaka, kumbe nimelibeba mdomoni mwangu mwenyewe."

Akainua kichwa.

"Kijana, rudi kwa mama yako, usali naye. Mtu asiyemkana mama yake hatamkana mwanangu. Halafu mlete mshenga, tunywe ile chai."

Padri alitoa kibali, mchungaji akatoa baraka. Kwenye sherehe Mama Theresia na Mzee walikaa kiti kwa kiti wakibishana wimbo gani uimbwe kwanza, na jirani wa upinzani, ambaye Mzee alikuwa hamwitikii salamu, alifunguliwa soda kwa mkono wa Mzee mwenyewe. Mungu ashukuriwe kwa mioyo inayojua kugeuka bila kuvunjika. Nami nashukuru kwa langu: nilikwenda kwa Loyce kuomba radhi, nikachelewa kutoka, na mpaka leo ananipikia.

Mshenga nilikuwa mimi, Calist. Nilivaa koti, nikakaa mbele ya wazee, nikatoa hotuba ambayo Singida haijaisahau. Nilisema barabara ya Dodoma na ya Arusha hazifanani, lakini zote zinafika hapa mjini. Mzee Mughwai akatoa machozi...

"Hotuba ipi?" anauliza mke wangu, akisoma begani kwangu.

"Loyce, niache nimalize."

"Nilikuwepo, Calist, nimebeba sinia. Ulisema shikamoo, ukasema shikamoo tena, ukaomba maji. Dina ndiye aliyetoka jikoni na mwiko mkononi akasema, 'Baba, wamekuja kunioa, na mimi nimekubali.'"

"Na machozi ya Mzee je? Utayakana?"

"Siyakani. Alikuwa anakucheka."